Jina Tukope, Kitenzi Kiwe Chetu

Naandika kutoka Singida, mji wa mawe na upepo. Leo sikuja na malumbano ya vina wala hoja ya nani mjuzi wa arudhi. Nina deni, na deni lenyewe ni la lugha. Nimeona nililipe hadharani, mbele ya watu wanaolijali neno.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha Kidato cha Sita katika shule moja ya mkoa huu. Siku hiyo mada ilikuwa ngazi za nishati ndani ya atomu. Nilichora ubaoni kiini cha atomu, nikachora mistari juu yake kama vidato vya ngazi, nikaeleza kwa Kiingereza, kama kanuni ilivyotaka, kwamba elektroni ikipewa nishati hupanda kidato cha juu, kisha baada ya muda mfupi mno hurudi chini na kuitoa nishati ile kama mwanga.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono. Kwao huzungumzwa Kinyaturu. Kiswahili alikipata kwa majirani na katika shule ya msingi. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu. Akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, ikishapanda, ni lazima ishuke? Hakuna namna ya kuizuia huko huko juu?"

Wenzake walicheka kidogo, si kwa swali, kwa lugha. Nami nikamwambia aulize upya kwa Kiingereza. Alisimama kitambo, akatafuta maneno, hakuyapata, akaketi. Alifaulu mtihani wake wa mwisho. Lakini kwangu hakuuliza swali tena mpaka alipomaliza shule.

Sikujua siku ile kwamba swali lake lilikuwa limekwisha kuwashughulisha wanafizikia wakubwa katika maabara za gharama kubwa, na kwamba jibu lake lilikuwapo. Nilikuja kulisoma baadaye: inawezekana. Zipo atomu zilizopozwa hadi karibu na ukomo wa baridi, zikapandishwa hadi vidato vya juu kabisa, kisha zikashikwa hewani kwa sumaku kabla hazijashuka. Msichana yule alikuwa amelikamata kwa Kiswahili jambo ambalo mimi mwalimu wake sikuwa nalo kwa lugha yoyote. Nikamzima.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: je, Kiswahili kingeweza kumjibu? Nimelipima suala hilo kwa muda mrefu na nimefikia rai ambayo naiweka mbele yenu mnikosoe. Tumeshughulika mno na majina, tukasahau vitenzi. Kila mara sayansi inapotajwa, tunakimbilia kuuliza "kitu hiki kitaitwaje?", tukagombania nomino hadi jasho likatutoka. Nasema jina tukope bila haya. Kitenzi kiwe chetu.

Kukopa majina ndiyo desturi yetu ya kale. Kitabu, kalamu, karatasi: yote matatu yana asili ya Kiarabu. Lakini mambo tunayoyatenda kwa vitu hivyo, yaani kuandika na kusoma, ni vitenzi vya Kibantu. Wahenga walipokea chombo kutoka ng'ambo, wakakifanyia kazi kwa mikono yao. Ni kweli kwamba hata vitenzi tumevikopa, kama kufikiri na kusafiri. Lakini hivyo navyo tulivivika mnyambuliko wetu: fikiria, fikirisha, safirisha. Leo darasani tunafanya kinyume. Tunachukua jina la kigeni pamoja na kitenzi chake, tunasema elektroni "inajampu" na atomu "imeeksaitiwa", kisha tunashangaa mwanafunzi anapokariri bila kuelewa. Jina humwonyesha mtu kitu. Kitenzi humwonyesha kitu hicho kinafanya nini, na fizikia yote ni habari ya vitu kufanya.

Basi nijaribu rai yangu kwa jambo lile lile gumu alilouliza yule binti. Lina vitenzi vitatu: kupoza, kukweza na kutega.

Nianze na kupoza. Joto ni mbio za chembe. Katika chumba cha kawaida, atomu ya rubidiamu, metali laini ipendwayo sana katika maabara hizi, hukimbia karibu mita 300 kwa sekunde. Ukiipunguzia mbio, umeipoza. Wanafizikia wanaifanya kazi hiyo kwa mwanga wa leza. Anayeijua Singida ataelewa upesi. Mwendesha baiskeli anayeukabili upepo wetu wa mwezi wa saba anajua kwamba kila anapozidisha mbio ndivyo upepo unavyomsukuma nyuma. Sasa wazia upepo wa ajabu ambao humgusa mtu pale tu anapoukabili. Akiupa mgongo, haumsukumi. Mzungushie upepo wa namna hiyo pande zote sita: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Popote atakapoelekea atazuiwa, mpaka karibu atasimama. Ndivyo leza inavyofanya. Rangi ya mwanga wake hupangwa kwa uangalifu ili atomu iumeze zaidi ule inaoukabili kuliko ule inaoupa mgongo.

Kwa ufundi huo Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1997. Cohen-Tannoudji alizaliwa Constantine, Aljeria, katika bara letu hili. Atomu zilizopozwa hivyo hufikia jotoridi la sehemu moja tu kati ya elfu kumi za kelvini juu ya sifuri kamili, wakati anga za mbali zilizo tupu zina kelvini 2.7. Mbio za mita 300 hushuka hadi sentimita kumi na tano hivi kwa sekunde, mwendo wa kobe.

Tazameni sasa kitenzi chetu. Kwa Kiswahili maji hupoa, hasira hupoa, na mji uliokuwa na fujo hupoa. Kupoa kwetu ni kupungua joto na ni kutulia, kwa neno moja. Fizikia ilihitaji karne nyingi kuthibitisha kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Msemaji wa Kiswahili amekuwa akilisema kila siku jikoni na barazani. Mwalimu akiwaambia wanafunzi "atomu hizi zimepoa", nusu ya somo imekwisha kufundishwa na bibi zao.

Kitenzi cha pili ndicho kilichonipa taabu. Atomu ambayo elektroni yake imepanda juu, wengi wetu huiita "atomu iliyosisimka". Mimi nalikataa neno hilo, kwa heshima ya wanaolitumia. Kusisimka ni nywele kusimama na damu kuchemka. Ni mtu aliyesikia habari ya kutisha au ya kupendeza. Ukisema atomu "imepoa na imesisimka", umemfunga mwanafunzi katika mgongano ambao haumo katika fizikia yenyewe. Atauliza: vipi kitu kitulie na kisisimke kwa wakati mmoja?

Watu wa pwani wametuwekea kitenzi bora zaidi. Kukwea ni kupanda, na anayekwea minazi huitwa mkwezi. Kukweza ni kukifanya kitu kipande. Elektroni imekwezwa, atomu ni yenye elektroni iliyokwezwa. Mgongano umeondoka, kwa sababu picha imekuja yenyewe: mnazi umetulia pale pale shambani, na mkwezi yuko kileleni. Kilichopoa ni mwendo wa atomu nzima. Kilichopanda ni elektroni iliyomo ndani yake.

Mkwezi huyu anaweza kupanda mbali sana. Mswidi Johannes Rydberg alitoa mwaka 1888 kanuni ya kukokotoa mistari ya mwanga wa atomu, na kwa heshima yake atomu zenye elektroni iliyokwezwa juu kabisa huitwa atomu za Rydberg. Ukubwa wa atomu hukua kwa mraba wa namba ya kidato. Kwa kidato cha 50, ukubwa wake ni kama mara 2,500 ya ule wa atomu ya haidrojeni iliyotulia kidato cha kwanza. Elektroni imekuwa mbali na kiini chake kama mtoto aliyekwenda mjini: bado ni wa ukoo, lakini kamba ni nyembamba na kila upepo unamyumbisha. Atomu ya namna hiyo hugutushwa na nguvu ndogo mno za umeme au mwanga. Ndiyo maana Serge Haroche, aliyezaliwa Casablanca nchini Moroko, alizitumia atomu za rubidiamu za vidato vya 50 na 51 kuchungulia punje moja moja za mwanga bila kuziua, kazi iliyompa sehemu ya Nobel ya mwaka 2012.

Na kushuka je? Hapa lugha imekwisha kutamka sheria kabla ya maabara: mpanda ngazi hushuka. Katika vidato vya chini, rubidiamu iliyokwezwa hushuka ndani ya muda usiofika sehemu thelathini za sekunde iliyokatwa vipande bilioni moja. Lakini elektroni iliyo kidato cha 50, ikiwa inazunguka kwa duara pana, hukaa karibu sehemu tatu za mia za sekunde. Kwa masikio yetu ni kufumba na kufumbua. Kwa atomu ni maisha marefu mara milioni moja kuliko yale ya jamaa zake wa chini.

Kitenzi cha tatu ndicho johari ya mada hii. Kutega! Sisi ndio watu ambao neno moja hutega ndege, hutega sikio na hutega kitendawili. Msimulizi husema "Kitendawili!" na hadhira hujibu "Tega!" Kwetu fumbo ni mtego wa akili, na anayelijibu huutegua. Sijui kama kuna neno lililojiandaa vizuri zaidi kwa kazi hii, maana mtego wa sumaku wenyewe ni kitendawili.

Natega: ninacho kiumbe, akinikimbia ndipo ninamkamata.

Jibu ni atomu ndani ya mtego wa sumaku. Mitego tuliyoizoea hushika kwa kugusa: tanzi hukaza shingo, ulimbo hunata miguuni, shimo lina kingo. Mtego wa sumaku hauna ukuta wala kamba. Ni nafasi tupu ambayo nguvu ya sumaku ni ndogo katikati na huongezeka kila upande, mithili ya bakuli lisiloonekana. Atomu nyingine huvutwa na sumaku, nyingine huikimbia. Zinazovutwa hupotelea pembeni, kwa sababu katika nafasi tupu hapawezi kutengenezwa kilele cha nguvu ya sumaku isiyobadilika ambacho zingekwenda kutulia. Zinazoikimbia, zikienda kushoto hukuta nguvu, zikienda kulia hukuta nguvu, basi hurudi katikati. Kukimbia kwake ndiko kunaswa kwake. Phillips na wenzake waliwahi kunasa atomu za sodiamu hivyo mwaka 1985.

Mwaka 2005, Georg Raithel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza katika jarida la Physical Review Letters kwamba wamefanya lile aliloliuliza mwanafunzi wangu. Walizipoza atomu za rubidiamu kwa leza, wakazikusanya ndani ya sumaku yenye nguvu ya tesla 2.9, makumi ya maelfu ya mara ya sumaku ya dunia hii tunayoikanyaga, kisha wakazikweza kwa leza nyingine. Nyingi zilipotea. Lakini kwa kugongana zenyewe kwa zenyewe, sehemu ndogo ilitupwa katika mizunguko mipana idumuyo, na hizo zilinaswa. Zilibembea ndani ya mtego kama mtoto katika pembea, na kwa kuupima ule mbembeo waliweza kuujua usumaku wa kila atomu kwa wastani. Walizishuhudia zimo mtegoni kwa muda uliofika sehemu moja ya tano ya sekunde.

Basi, binti yangu, popote ulipo, jibu lako ni hili. Ndiyo, mpanda ngazi hushuka; lakini anaweza kucheleweshwa, na akiwa huko juu anaweza kushikwa. Ulikuwa umeuliza vizuri.

Wala halikuwa swali la mchezo. Huko CERN, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, wanasayansi hutengeneza antihaidrojeni, atomu ya maada kinyume, ambayo ikigusa ukuta wowote hutoweka. Huzaliwa ikiwa imekwezwa juu, na chombo pekee cha kuiweka ni mtego usiogusa. Mwaka 2010 walinasa atomu 38. Mwaka uliofuata walizishika nyingine kwa sekunde 1,000, zaidi ya dakika 16. Na mwaka 2023 waliziachia ili kujibu swali ambalo lote ni kitenzi: je, maada kinyume hupanda au huanguka? Walipata kwamba huanguka, kama embe na kama sisi.

Ndugu zangu, nimetumia maneno ya kukopa: atomu, elektroni, leza, rubidiamu, kelvini, tesla. Sikuona aibu. Lakini poa, poza, kwea, kweza, tega, nasa, nasua, bembea, shuka na anguka ni vyetu, na ndivyo vilivyobeba maana. Nikajaribu pia kipimo ambacho nyinyi mnakiamini kuliko mimi: je, maneno haya yanasimama katika mizani? Ubeti huu ni wangu, wa mizani minane kwa minane:

Mtego bila ukuta, unategwa ukanasa,
Sumaku haikugota, chembe haikuigusa,
Leza ilipoikuta, mbio zake ikakosa,
Mpanda ngazi hushuka, lakini si hivi sasa.

Sidai kuwa ni ubeti wa kukumbukwa. Nadai kuwa kilichomo ndani yake ni fizikia sahihi, na kwamba methali ya wahenga imekaa katika mizani yake minane bila kuguswa, ikangoja nusu ya pili kutoka maabara. Leza imeingia bila tabu. Ningetaka kuiingiza elektroni, mngenikamata: ile "k" isiyo na irabu tuihesabu au tuiache? Huo ndio ugomvi ninaoutamani katika kurasa hizi. Neno likifika mahali pa kugombaniwa mizani, limekwisha kuwa letu.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: sayansi ni ya dunia nzima, na dunia inaandika kwa Kiingereza, ya nini kumchelewesha mtoto? Namjibu kwamba simzuii mtoto kukijua Kiingereza. Mimi mwenyewe makala ya Michigan niliyasoma kwa lugha hiyo. Ninachosema ni kwamba kuelewa huja kwanza na kutafsiri hufuata. Mwanafunzi wangu alikuwa na wazo. Alichokosa ni kibali. Lugha ya kigeni ingeweza kuwa dirisha lake la pili. Mimi niliigeuza kuwa mlango uliofungwa.

Wa pili atasema: kwa nini tukope hata majina? Tuseme kitu kingine badala ya atomu, tuunde neno badala ya leza. Namheshimu mzalendo huyu, lakini namwomba awatazame wahenga wa kitabu na kalamu. Hawakuona uchungu. Nguvu zake azielekeze kwenye vitenzi, huko ndiko tunakopoteza shamba.

Wa tatu atasema: mbona istilahi zipo? Ni kweli. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. BAKITA lipo tangu mwaka 1967. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza nacho kikiimarishwa. Kazi hizo nazienzi. Lakini orodha ya istilahi ni kama mbegu ya alizeti iliyohifadhiwa katika gunia: ni hai, ila haioti humo. Inahitaji kutupwa shambani, katika sentensi, katika wimbo, katika kinywa cha mtoto anayeuliza.

Kuna jambo la Singida lenyewe linalonifanya nisilinyamazie hili. Sumaku za nguvu kubwa kama zile za Michigan na CERN hutengenezwa kwa nyaya zinazopitisha umeme bila ukinzani, na nyaya hizo hupozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kimiminiko, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Heliamu hiyo huzaliwa ardhini, pale urani na thoriamu vilivyomo katika miamba ya kale vinapovunjika polepole. Majabali makubwa yanayouzunguka mji wetu na Ziwa Singidani ni sehemu ya mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza hazina kubwa ya heliamu Rukwa, na utafutaji umeyagusa pia mabonde ya Eyasi na Balangida, majirani zetu wa kaskazini. Maji ya Mto Sibiti, yatokayo Ziwa Kitangiri huko Iramba, huelekea Eyasi hiyo hiyo.

Huenda basi siku moja gesi ya ardhi hii ikavuka bahari kwenda kuzipoza sumaku za watu wengine, wanase atomu zilizokwezwa na kuuliza maswali makubwa ya ulimwengu. Nami sipendi siku hiyo ifike huku mtoto aliyezaliwa juu ya mwamba huo akiambiwa aketi kwa kuwa ameuliza kwa Kiswahili. Kuuza gesi ni biashara. Kuuza gesi pamoja na swali ni umaskini.

Ombi langu kwenu ni dogo na linatendeka. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, jirani yetu wa mashariki, aliikuza ngonjera, na kupitia UKUTA ikaingia mashuleni kueleza siasa mpya ya nchi. Watoto walisimama wawili wawili, mmoja akauliza na mwingine akajibu, na mawazo mazito yakashuka hadi kijijini. Kwa nini tusiandike ngonjera ya atomu na sumaku? Mmoja aseme "nakukimbia", mwenziwe ajibu "kimbia, umo". Mwalimu wa fizikia akague ukweli, mshairi akague vina. Mimi naanza: yeyote kati yenu atakayeandika, nitaisoma na kumrudishia na alama za kalamu nyekundu pale sayansi ilipopinda, naye anirudishie yangu pale mizani ilipopungua.

Na kwa walimu wenzangu, nina neno moja. Mtoto akiinua mkono, tupokee swali kwanza. Lugha itakuja nyuma yake, maana swali lililopokelewa hutafuta maneno lenyewe, na swali lililozimwa halirudi. Langu halikurudi. Namalizia kwa ubeti wa pili, ambao si wa atomu:

Swali aliloliwaza, nililizima mapema,
Lugha geni kuikuza, maana nikaihama,
Leo nakuja kujaza, pengo la siku za nyuma,
Mpanda ngazi hushuka, lakini si hivi sasa.